Siku Waliyomwita Bwana Gremmo

"Leo tu, Baba. Kwa siku hii moja, nakuomba usimtanie."

Mzee Neville Polgreen alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni akivaa buti zake polepole, kwa sababu ya nyonga iliyomsumbua tangu kondoo dume alipombwaga zizini. Aliinua uso kumtazama binti yake kama mtu aliyeombwa asipumue.

"Nisimtanie nani?"

"Unamjua."

"Yule mlingoti wa Kitaliano?"

"Umeona sasa! Mama yake anakuja, Baba. Akikusikia ukimwita mwanawe mlingoti, atadhani tunamweka hapa pamoja na mbwa wa kuchungia."

"Mbwa wa kuchungia ana faida, Tam. Yule..."

"Baba!"

Mzee akarudi kwenye buti zake. Sakitu, ule umande ulioganda kwa baridi, ilikuwa bado nyeupe juu ya majani ya malisho, na kondoo wa merino walisimama ndani yake wakitoa mvuke puani. Tamsin aliketi kando ya baba yake.

Jambo lililomtia hofu lilikuwa moja. Ettore Gremmo, ambaye kila msimu wa kunyoa alitoka Biella, chini ya milima ya Alpi, kuja kununua sufu yao kwa ajili ya kiwanda cha nguo cha familia yake, alikuwa amemwomba mamaye ruhusa ya kuhamia huku Australia moja kwa moja na kumwoa Tamsin. Mama Ornella, mjane aliyekiendesha kiwanda hicho tangu kifo cha mumewe, hakukataa wala hakukubali. Alisema, "Nitakwenda nikawaone kwa macho yangu. Wakikupokea kama mwana, nitakiuza kiwanda nawe ubaki kwao. Wakikupokea kama mnunuzi tu, utarudi nyumbani ukikalie kiti cha baba yako." Mama na mwana wakapeana mikono juu ya neno hilo.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

"Sasa nisipomtania, nimwambie nini?" aliuliza Mzee Neville.

"Mwulize habari za safari. Mwambie karibu. Mwite Bwana Gremmo."

"Bwana Gremmo," alirudia mzee, kama anayeonja dawa ya minyoo. Akakuna kidevu. "Lakini nilikuwa na kitu cha kumwonyesha kule bandani, baada ya chakula."

"Ni utani?"

Mzee akasita. "Ni... utani kidogo."

"Basi kitangoja. Na umwambie Davo naye aufunge mdomo wake."

"Davo? Davo akifunga mdomo atapasuka, mwanangu," alisema mzee. Hata hivyo akaahidi, na Neville Polgreen hakuwa mtu wa kuvunja ahadi.

*

Hofu ina tabia ya kumsahaulisha mtu hata somo alilolifundisha mwenyewe. Lau Tamsin angetulia kidogo asubuhi ile, angekumbuka jinsi Ettore alivyofika kwao mara ya kwanza.

Alikuja amevaa suti ya rangi ya majivu na viatu vinavyong'aa. Mzee Neville alipokwenda kumpokea uwanja wa ndege, mgeni alifungua mlango wa nyuma wa gari, akaketi huko peke yake, kiti cha mbele kikabaki kitupu. Mzee akamtazama kwenye kioo. "Mimi si teksi, kaka," alimwambia. Walipofika nyumbani, Ettore alikisifu kiwanda cha kwao kwa muda mrefu: ukubwa wake, tuzo zake, majina ya waliovaa vitambaa vyake. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. "Umemaliza? Basi kunywa, chai inapoa." Jioni wakaenda baa ya mjini. Mzee alinunua bia za wote, Davo, kiongozi wa wanyoaji, akanunua za wote, na zamu ya mgeni ilipofika, mgeni akawaaga kwa adabu akaenda kulala. Kesho yake hakuna aliyemtazama usoni.

Tamsin ndiye aliyemhurumia. Alimkuta ameegemea uzio, viatu vimejaa matope.

"Nimekosea wapi?" Ettore alimwuliza.

"Uanzie wapi kuhesabu!" Tamsin alicheka. "Sikiliza, Ettore. Hapa mtu hajisifu. Ukiwa na kitu kizuri, watakiona wenyewe. Kwenye gari, kaa mbele. Zamu yako ya bia ikifika, nunua, hata kama wewe mwenyewe unakunywa maji. Sufu ikiwa na kasoro, sema pale pale, usimzungushe baba. Na ukimpa mkono, umekwisha kufunga mkataba, usirudi nyuma."

"Hayo tu?"

"La. Wakianza kukutukana, shukuru."

"Nishukuru?"

"Baba humtania anayempenda. Asiyempenda humpa heshima zote. Siku ukimsikia baba yangu anakuita Bwana, chukua kofia yako uende zako."

Ettore alimtazama kwa muda, upepo ukimpeperushia Tamsin nywele usoni. "Na wewe?" aliuliza taratibu. "Wewe utanitukana lini?"

"Nilishaanza," alimjibu. "Hukunisikia nikikuita mlingoti?"

Ndivyo penzi lao lilivyoanza. Msimu uliofuata Ettore alikaa mbele, akanunua bia, akakubali kufundishwa na Davo kurusha manyoya ya kondoo juu ya meza ili yatandazike kama shuka. Alikuwa mzito mno wa kazi hiyo hata wanyoaji walipiga makofi kila alipomaliza manyoya ya kondoo mmoja. Walimtukana asubuhi mpaka jioni, naye alirudi nyumbani akinuka mafuta ya sufu, uso umemeremeta kwa furaha.

*

Mama Ornella alishuka garini akiwa amevaa koti jeusi lililomkaa barabara. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Ettore alishuka upande wa pili, akavuka yadi kwa hatua zake ndefu na mikono wazi.

"Nev! Bado hujafa, mzee wewe?"

Mzee Neville alifungua kinywa. Tamsin, aliyesimama nyuma yake, aliona mabega ya baba yake yakiinuka kama ya mtu anayetaka kurusha jiwe, kisha yakashuka.

"Karibu sana, Bwana Gremmo," alisema mzee. "Habari za safari?"

Mikono ya Ettore ilibaki hewani. Akaishusha. "Nzuri," alijibu. "Safari ilikuwa nzuri."

Mezani paliandaliwa paja la kondoo la kuoka, viazi, mchuzi wa nanaa, na kitambaa cheupe ambacho hakikuwa kimetoka kabatini tangu mazishi ya mama yake Tamsin. Davo alikaa mwisho wa meza, shati lake limefungwa kifungo cha juu kabisa, uso umemwiva.

"Davo," Ettore alimchokoza, "nasikia timu yako imefungwa tena Jumamosi. Mpaka kinamama wa kanisani wanawashinda?"

Ilikuwa chambo nono. Kila aliyekuwepo alijua ni chambo. Davo alimtazama Tamsin, Tamsin akatikisa kichwa kidogo.

"Ndiyo, Bwana Gremmo," alijibu Davo. "Ilikuwa bahati mbaya."

Ettore akaacha kutafuna.

Baadaye aliumwaga mchuzi juu ya kitambaa cheupe, na Tamsin hakuwa na hakika kama ni kwa bahati mbaya. Siku nyingine Mzee Neville angesema kwamba hata ndama huanza kunywa bila kumwaga akifika umri ule. "Hakuna neno, hakuna neno kabisa," alisema mzee, akapangusa kwa leso yake mwenyewe.

Mama Ornella alifurahi. Aliuliza habari za mvua, akasifu nyama, akamtazama Mzee Neville kwa namna ambayo hakumtazama nayo alipofika. Tamsin aliona kila kitu kinakwenda sawasawa, na moyo wake ukaanza kupumua. Mara mbili alihisi macho ya Ettore yakimtafuta ng'ambo ya meza. Hakuthubutu kuyapokea, kwa maana alijua akimtazama atacheka, na akicheka yeye Davo naye atapasuka, na kazi yote itaharibika. Aliinamisha uso akampakulia viazi.

Chakula kilipokwisha, Ettore alisukuma kiti chake nyuma.

"Nev," alisema, na sauti yake ilikuwa na ombi ndani yake, "twende bandani. Nataka Mama aone ninapofanyia kazi."

Mzee Neville alimtupia binti yake jicho la haraka. Kisha akatazama mikono yake.

"Hakuna haja ya kujisumbua, Bwana Gremmo. Kule kuna vumbi. Mtachafuka nguo."

Ettore aliitazama nguo yake: suruali ya kazi, iliyochakaa magotini, aliyoivaa makusudi kwa ajili ya banda lile.

"Ni kweli," alisema. "Tutachafuka."

Hawakulala kama ilivyopangwa. Ettore alieleza kwamba mama yake amechoka, kwamba wangechukua ndege ya jioni ya Sydney. Pale garini alimpa Mzee Neville mkono, akampa Davo mkono, kisha akamgeukia Tamsin. Macho yake yalikuwa mekundu pembeni, lakini Tamsin aliyachukulia kuwa ni ya uchovu wa safari.

"Asanteni kwa ukarimu wenu, Bibi Polgreen," alimwambia.

Tamsin alidhani anaigiza adabu mbele ya mamaye. Hata akatabasamu. "Karibuni tena," alijibu.

Gari lilipopotea nyuma ya mikalitusi, Davo alikifungua kile kifungo cha juu, akavuta pumzi ndefu.

"Sasa mseme," alianza. "Jamaa amewakosea nini hata mkamfukuza?"

"Nani amemfukuza?" aliuliza Tamsin.

"Jamani, Tam! 'Bwana Gremmo, Bwana Gremmo', halafu mzee anamnyima banda! Mimi mwenyewe ningefanyiwa vile ningekwenda kujinyonga na kamba ya viatu."

Tamsin aligeuka kumtazama baba yake. Mzee Neville alikuwa amesimama katikati ya yadi, kofia mkononi, anaonekana mzee kuliko alivyokuwa asubuhi.

"Nilitimiza ulivyoniomba, mwanangu," alisema. "Kila neno lilinikwama kooni, lakini nilitimiza."

*

Tamsin aliendesha pikapu mpaka mji wa Armidale bila kuona barabara. Uwanja wa ndege pale ni chumba kimoja na kidirisha cha chai. Mama Ornella alikuwa ameketi karibu na kioo, mkoba mapajani. Ettore alikuwa nje, ameegemea uzio wa waya, kama alivyouegemea ule wa kwanza.

"Ettore!"

Hakugeuka mara moja. Alipogeuka, Tamsin alijua kwamba mtu huyu alikuwa amekwisha kulia, akamaliza.

"Ni mimi," alisema Tamsin kwa pumzi iliyokatika. "Ni mimi niliyewakataza. Niliwaomba wasikutanie kwa sababu ya mama yako. Niliogopa hatawaelewa. Baba alikuwa anakufa kwa hamu ya kukutukana, naapa, Ettore! Davo naye! Wanakupenda wote. Ni mimi, mjinga mimi."

Ettore alimtazama kwa muda mrefu. Maneno yalikuwa yakimwingia polepole, na kila lililoingia lilimwumiza, halikuonekana hata moja lililomponya.

"Wewe ndiye uliyenifundisha," alisema mwishowe.

"Najua."

"Nilikaa mezani kwenu nikiomba Mungu mtu mmoja anitukane. Mmoja tu. Nilimwaga mchuzi makusudi, Tam! Nikakutazama wewe. Ungeniinulia macho mara moja, ningejua. Ukanipa viazi."

"Ningecheka. Ningekutazama ningecheka."

"Ungecheka ningeokoka."

Tamsin alimshika mikono. Ilikuwa baridi. "Basi turudi. Gari lile pale. Baba yuko yadini, sijui kama ameondoka pale aliposimama. Mwambie mama yako tulikosea."

"Mama aliwapenda." Ettore alitabasamu kwa uchungu. "Unajua aliniambia nini njiani? 'Watu wastaarabu sana hawa, mwanangu, nitakiuza kiwanda kwa moyo mweupe.' Ni mimi niliyemwambia hapana. Nilimwambia, Mama, hujui, huko kwao hivi ndivyo mtu anavyofungiwa mlango. Alinisihi nilale, nifikiri. Sikutaka. Nilimpa mkono, nikamwambia naukubali ule upande wa pili wa neno letu, nitarudi kukikalia kiti."

"Mkono wa mama na mwana unaweza kufunguliwa."

"Mama amekwisha kupiga simu, Tam. Kule kulikuwa kumekucha. Msimamizi wetu aliwakusanya watu kwenye mlango wa kiwanda. Walikuwa wamekaa miezi wakingoja kuambiwa kama wanauzwa au la. Aliwatangazia kwamba kiwanda hakiuzwi, kwamba mimi nakuja kukiongoza. Nilisikia kwenye simu wanavyoshangilia. Kuna akina mama pale walionibeba nikiwa mtoto. Leo nigeuke, niwaambie nini? Kwamba nilikosea kwa sababu sikutukanwa?"

Tamsin alitafuta jibu, na kila alilolipata lilikuwa na nyuso za watu wale ndani yake. Baba yake mwenyewe ndiye aliyesema siku zote kwamba mkono uliotolewa haurudishwi. Ettore alikuwa amelijifunza somo hilo kuliko walivyotaka.

"Njoo nami basi," alinong'ona Ettore. Lakini alisema bila kumtazama.

Tamsin aliona moyoni nyonga ya baba yake, ngazi ya jikoni, majani yenye sakitu na kondoo wasio na mwingine wa kuwaangalia. "Unajua siwezi."

"Nilijua. Ndiyo maana mimi ndiye niliyekuwa nije."

Walikumbatiana pale kwenye waya. Tamsin aliegemeza uso kwenye shati lake, akatafuta harufu ya mafuta ya sufu, akakuta sabuni tu. Abiria waliitwa. Mama Ornella alitoka nje, akasimama mbali kidogo, na alipomtazama Tamsin machozi yalikuwa yamejaa katika macho yale yasiyopitwa na kitu. Alimshika shavu kwa kiganja, kama wanavyoshikwa watoto wa nyumbani, kisha akaenda.

Ettore alikuwa amepiga hatua kadhaa aliporudi nyuma.

"Sufu yenu tutaendelea kuinunua," alisema. "Mwakani atakuja binamu yangu, Silvio. Ni mtu wa kujisifu, atakaa kiti cha nyuma. Tafadhali, Tam. Mtanieni."

*

Jua lilikuwa limeinama aliporudi. Baba yake hakuwa yadini. Alimkuta bandani, ameketi juu ya robota la sufu, na kwa kumtazama binti yake usoni hakuhitaji kumwuliza lolote.

Tamsin alisimama mbele ya ukuta wa mbao ambao wanyoaji wameupiga majina yao tangu enzi za babu yake, kwa rangi nyeusi na bati lililotobolewa herufi, lile lile linalotumika kuandika robota. Katikati ya ukuta gunia lilikuwa limetundikwa kwa misumari miwili.

"Ndicho hicho ulichotaka kumwonyesha?"

Mzee alikubali kwa kichwa.

Tamsin akalivuta gunia. Rangi ilikuwa mpya. Chini ya DAVO, sambamba na jina la babu yake, palikuwa pameandikwa: RADI.

"Kwa sababu ya wepesi wake kazini," alieleza Mzee Neville, akikohoa. "Wanyoaji walichagua. Hakuna mnunuzi aliyewahi kuwekwa hapo. Nilitaka mama yake aone." Akainua macho kwa binti yake. "Nilifute?"

"Usiliguse."

Alitaka kulia, lakini kilio kilikuwa kimekwama mahali fulani chini ya mbavu. Baba yake alisimama kwa shida, akaja hadi alipo. Hakuwa mtu wa kukumbatia, hakujua hata mikono aiweke wapi. Alisimama tu ubavuni mwake, wote wawili wakilitazama lile jina, kwa muda mrefu.

"Umeacha geti wazi," alisema hatimaye kwa sauti nzito. "Nimeliona kutoka hapa. Kondoo wangu watafika Sydney kabla ya ndege yake. Nimezaa binti au nimezaa bata?"

Ndipo machozi ya Tamsin yalipopata njia. Aliegemeza kichwa kwenye bega la baba yake, akaling'ang'ania shati lake kwa mikono yote miwili.

"Endelea, Baba," alisema. "Nitukane tena."